Ombi la Kutengwa Mpaka Ukuta wa Bafu Ushike

Maximilian Hhando,
Mhudumu Mstaafu wa Josho,
Kitongoji cha Juu, Dirma,
Hanang.

Aprili 2025

Ndugu Gidamis,
Mwenyekiti wa Kitongoji.

YAH: KUOMBA NITENGWE NA WANANCHI WOTE KWA MUDA, KWA SABABU YA UKUTA WA BAFU

Ndugu Mwenyekiti,

Kwanza marahaba, kwa sababu najua tungekutana njiani ungenipa shikamoo kabla sijafungua mdomo. Mimi ni mzima, mke wangu Bernadina ni mzima, na yule ng'ombe mwenye mimba naye anaendelea vizuri. Baada ya salamu hizo, nakuandikia nikiwa na akili zangu timamu, bila kushawishiwa na mtu, kuomba jambo ambalo sidhani kama mwananchi mwingine amewahi kuliomba katika ofisi yako. Naomba nitengwe.

Ninajua kutengwa ni adhabu nzito. Kwetu hapa mtu aliyetengwa hasalimiwi, haazimwi jembe, hapewi hata kaa la moto, na akichinja mbuzi anaila ile nyama peke yake mpaka anaichukia. Nimewahi kuona mtu mzima mwenye wajukuu analia kwa ajili hiyo. Ndiyo maana naomba kwa maandishi na kwa hiari, ili baadaye asitokee mtu wa kusema Mzee Maximilian alionewa.

Sababu ni ukuta. Unamfahamu dada yangu Marieta, aliyekuwa na nyumba yake Jorodom. Mlima Hanang ulipomeguka na kushuka mwaka juzi, tope liliingia kwake kwa kuubomoa ukuta. Alitoka hai, na namshukuru Mungu kila asubuhi. Lakini tangu siku hiyo hana tena imani na ukuta wa udongo. Huko Singida anakokaa na mwanawe Alfredi anaoga nje, nyuma ya turubai, baridi iwe kali namna gani, kwa sababu akiingia kwenye chumba kidogo na maji yakaanza kutiririka ukutani, anatetemeka mwili mzima. Mimi ni kaka yake mkubwa na jambo hili linaniumiza. Nikamwahidi kwamba akija kukaa kwetu ataoga ndani, kwa maji ya moto, katikati ya kuta za mawe. Nilisema mawe ya kweli yaliyotoka ardhini, sikumaanisha vile vigae vyembamba vinavyong'aa kama sahani za harusi. Alfredi anafanya kazi kwa wachonga mawe, akasema atayaleta mwenyewe kwa lori, mawe bapa ya kijivu, pamoja na mama yake. Marieta akakubali. Sasa nakwambia ukweli, akifika akakuta ukuta haujawa tayari, ataangalia mara moja, atapanda lori lilelile na kurudi alikotoka, na sidhani kama nitampata tena.

Mawe hayo ni mazito. Fundi wangu, Seifu, yule kijana wa Katesh ambaye baba yake ana duka la vifaa karibu na stendi, alinieleza tangu mwanzo kwamba jiwe la namna hiyo halibandikwi tu kama picha ya mgombea. Ukuta unaandaliwa kwanza. Lipu ya zamani inabanduliwa, unafungwa wavu wa waya, unapigwa lipu mpya ya saruji, unachanjwa, unamwagiwa maji, unaachwa, unapakwa dawa ya kuzuia maji isipenye, unaachwa tena. Utaona kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuacha. Na wananchi wako, Mwenyekiti, kuna mambo mengi wanaweza, lakini kuacha hawawezi.

Naomba sasa nieleze malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Kuhusu kusuluhishwa. Siku ya kubandua lipu ya zamani nilikuwa peke yangu bafuni na nyundo na tindo. Seifu alikuwa amenifundisha kuugonga ukuta kwa mpini na kusikiliza. Pakitoa mlio mzito pako salama, pakitoa mlio mtupu ujue lipu imeshaachana na tofali, inangoja tu kuanguka. Ukuta wangu wote ulikuwa mtupu. Basi nikapiga, na mimi nikipiga nasikika. Wakati huohuo Bernadina alikuwa jikoni anakata vitunguu. Majirani wakasikia vishindo, kisha wakamwona Bernadina anatoka nje anafuta machozi, wakajumlisha wenyewe. Kabla jua halijafika katikati uwanja wangu ulikuwa umejaa wasuluhishi. Mzee Sulle, ambaye kwa umri ni kama baba yangu, alinipokonya nyundo bila salamu. Nilikalishwa kwenye kigoda, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu, nikaulizwa mwanamke huyu aliyenizalia watoto amenikosea nini. Nilipoeleza habari za mawe, walitazamana kwa huzuni ya watu wanaoona ugonjwa umeshapanda kichwani. Bernadina angeweza kuniokoa kwa neno moja. Badala yake aliona wazee wamekwisha kaa, na nafasi kama hiyo haiji mara nyingi, akaeleza habari ya redio yangu ninayolala nayo ikiwa imewashwa, na habari ya viatu vyangu mlangoni, na jambo fulani lililotokea kwenye ubatizo wa mtoto wa kwanza. Nilisuluhishwa mpaka jioni. Siku hizi redio inalala sebuleni. Ukuta haukubanduliwa siku hiyo.

2. Kuhusu kusiribwa. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Seifu alipomaliza kufunga wavu na kupiga lipu ya saruji, aliichanja yote kwa ncha ya mwiko kabla haijakauka, mistari juu ya mistari, huku na huku, ili gundi ya mawe ipate pa kung'ata. Alinieleza kwamba ukuta mzuri wa kubeba jiwe ni ukuta mbaya wa kutazama. Kesho yake tukateremka Katesh kuchukua dawa. Huku nyuma akapita Mama Efrazia, jirani yangu wa upande wa juu, anataka kuazima chekeche. Akachungulia bafuni. Sasa jiweke kwenye viatu vyake. Anaona ukuta mpya umejaa makovu kama umechanwa na chui, kwenye nyumba inayomngoja Marieta, mtu ambaye ameshapata shida ya kutosha. Kwetu hapa ukuta wa jirani hauachwi mbaya ukingoja mgeni. Mtu akijenga tunakwenda wote kusiriba, tunakula na kunywa pamoja, na anayengoja kuitwa anaonekana ana roho mbaya. Mama Efrazia hana roho mbaya. Aliita watu.

Walikuja wanawake wa upande wa juu na wa upande wa chini, na udongo mzuri wa bondeni, na majivu, na kinyesi kibichi cha ng'ombe wangu mwenyewe. Walisiriba huku wanaimba. Walilainisha kwa viganja, kisha kwa vijiwe laini vya mtoni, kisha kwa vitambaa. Niliporudi niliukuta ukuta laini kama shavu la mtoto mchanga, na kwenye kona ya kuelekea dirishani wamechora maua. Walikuwa wamesimama kwa mstari nje, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko, wanangoja nifurahi. Mwenyekiti, nilifurahi. Ungefanya nini? Nilishukuru, nikacheza kidogo, Bernadina akapika. Seifu aliingia bafuni, akaweka kiganja ukutani, akatoka, akakaa juu ya ndoo akaomba maji ya kunywa. Kuukwangua ule usafi kulitutoa nguvu mara mbili ya walizotumia kuupaka. Tulifanya kazi hiyo mlango umefungwa, Bernadina akiimba nyimbo za kanisani uwanjani kwa sauti kubwa ili vishindo visisikike, tusije tukasuluhishwa tena.

3. Kuhusu jiko la mkaa. Lipu ilirudiwa na kuchanjwa upya, safari hii ikafunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, kwa sababu saruji inataka kunywa maji polepole ndipo ikomae. Mzee Sulle alisikia kwamba kwa Maximilian ukuta umelowa. Yeye anaamini ukuta uliolowa unaleta nimonia. Akaja na jiko limewaka vizuri, akaliweka katikati ya bafu, akafunga mlango na kwenda zake bila kumwambia mtu, maana hapendi kushukuriwa. Ukuta ulikauka mchana mmoja na kupasuka kama kisigino cha mchunga mbuzi. Tukarudia.

4. Kuhusu wewe mwenyewe. Nalisema hili kwa heshima yote. Tulipokuwa tumepaka dawa ya kuzuia maji, ulifika kukagua maendeleo, jambo la kusifiwa kwa kiongozi. Nilikuomba usiegemee. Ulisema huegemei. Kisha ukaanza kunieleza habari ya barabara yetu na lini itachongwa, na kadiri maelezo yalivyorefuka ndivyo ulivyozidi kurudi nyuma, mpaka ukaegemea. Sehemu ya bega la koti lako, lile la mikutano, bado ipo ukutani. Seifu ameshindwa kuitoa na amepaka dawa juu yake, kwa hiyo kwa namna fulani wewe ni sehemu ya bafu la dada yangu. Barabara bado haijachongwa.

5. Kuhusu rafu ambayo si rafu. Chini ya ukuta Seifu amekaza ubao mrefu, ameunyoosha kwa pima maji mpaka kile kiputo kimetulia katikati kabisa. Ubao huo ni wa kushikilia mstari wa kwanza wa mawe yasiteleze gundi ikiwa bado mbichi. Baadaye unatolewa. Watu waliona rafu. Na kwa kuwa wote wanampenda Marieta, kila aliyepita aliweka kitu. Ziliwekwa sabuni, mayai kwenye kikapu, chupa za asali, kibuyu cha maziwa ya mgando, gunia dogo la maharage, na mwisho Mama Efrazia akaleta sanamu ya Bikira Maria, ile kubwa ya sebuleni kwake, ili imlinde Marieta akiwa anaoga. Ubao ukapinda katikati. Seifu aliona, akaniangalia. Alisema yeye ni Mwislamu na hapendi kuonekana ndiye aliyemhamisha Mama wa watu. Nikamhamisha mimi. Sasa yuko chumbani kwetu juu ya kabati, na kila nikitaka kulalamika kuhusu majirani ananiangalia.

6. Kuhusu jaribio la uzito. Habari ilipoenea kwamba ukuta wa Maximilian unatakiwa ubebe mzigo mkubwa, vijana wa kwaya walikuja baada ya mazoezi kuupima. Waimbaji wa besi walikaa ndani, wale wa sauti ya teno wakasimama nje, wakasukumana ukuta ukiwa katikati, huku mwalimu wao anawahesabia. Kisha wakanitangazia kwamba umepita. Wakaona wakiishia hapo si haki, wakaenda kuupima na ukuta wa banda la kuku. Ule haukupita. Kuku wangu kwa sasa wanalala jikoni, na banda jipya linajengwa na vijana haohao, na Mama Efrazia ameahidi kulisiriba.

Mwenyekiti, usifikiri sijajaribu njia nyingine. Niliwaomba kwa upole watuache kwa muda. Wakasema nimechoka, wakaleta uji. Nilifunga mlango wa uwanja kwa mnyororo; wakasema naumwa, wakamleta muuguzi wa zahanati akapima presha yangu, na kweli aliikuta juu. Niliandika kwa chaki kwenye mlango wa bafu USIGUSE, na kila aliyesoma aligusa maandishi ili kuona kama yamekauka. Upendo wa watu hawa hauna mlango wa nyuma wala wa mbele. Nimepiga hesabu zote na nimeona limebaki jambo moja tu, nichukiwe, na nichukiwe kwa utaratibu, kupitia ofisi.

Natambua pia kwamba mtu hatengwi bila kosa. Kosa nakuachia ulichague. Unaweza kusema mbuzi wangu waliingia kwenye maharage ya Mama Efrazia, kwa sababu kweli wanaingia. Unaweza kusema nilimnyima mtu dume la kulimia. Unaweza kusema nilitamka mbele ya mashahidi kwamba kwaya yetu inaimba kama inapanda mlima, na hilo nitalikiri kwa urahisi. Naomba tu usiseme wizi, kwa sababu Marieta atasikia. Usiseme na uchawi, maana watu watakuja kwa wingi zaidi wakitaka kutibiwa.

Naomba vilevile utengo wangu uwe na masharti machache ya kibinadamu. Nisisalimiwe, lakini wazee niruhusiwe kuwapa shikamoo, kwa sababu siwezi kumpita Mzee Sulle kimya, nitaumwa. Nisiazimwe kitu, isipokuwa chumvi, na toroli la Mama Efrazia, ambalo kwa kweli liko kwangu tangu mwaka jana. Nisitembelewe, isipokuwa ng'ombe akianza kuzaa, hapo aje yeyote mwenye mkono mwembamba. Misiba isihesabiwe. Jumapili isihesabiwe. Jumuiya ikifika zamu ya nyumba yangu, waje wasali, wale, wasiende upande wa bafuni. Nikiwa njiani na mzigo mzito kichwani, mtu anaweza kunisaidia bila kuongea. Bernadina asitengwe, yeye hana kosa, na tena akitengwa atakuwa na muda mwingi wa kuongea na mimi. Ukiyazingatia hayo, ninaamini utakuwa utengo mkali na wa mfano.

Mawe yakishashika ukutani nitaomba kurudishwa. Nitatoa pombe na mbuzi kama inavyotakiwa, nitaungama mbele ya watu hilo kosa utakalokuwa umenichagulia, na kila mtu ataruhusiwa kuugusa ukuta kadiri anavyotaka, kwa mikono miwili, hata kuupiga mateke. Utakuwa ukuta wa mawe. Hautasikia kitu.

Nakutakia kazi njema, na nakuomba barua hii uisome kwenye mkutano kwa sauti kavu, usicheke, ili watu wachukie vizuri. Nisalimie mama watoto wako na wote walioko kwako. Nisalimie Mzee Sulle na kikohozi chake. Nisalimie Mama Efrazia, mwambie maua yalikuwa mazuri kwa kweli. Nisalimie vijana wa kwaya, hasa besi. Wasalimie na wale wa upande wa chini ambao sikuwataja, wasije wakakasirika kwamba wamesahauliwa kwenye malalamiko.

Wako mtiifu, anayengoja kuchukiwa,

Maximilian Hhando

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha Alfredi alipopiga simu. Lori limezama pale kwenye mteremko wa chini, karibu na daraja la magogo, tope limefika ekseli na wingu linatoka mlimani. Inabidi mawe yashushwe kwa mikono, na kila jiwe linataka watu wawili. Marieta yuko mbele kwa dereva, amefunga kioo, anaangalia matope, anakataa kushuka. Alfredi amemweleza habari zote za ukuta wangu, wavu, saruji, dawa na kila kitu. Yeye ameuliza tu kama kuna watu karibu. Anasema siku ile Jorodom, akiwa ndani ya tope gizani, hakujua ukuta uko wapi wala mlango uko wapi. Alisikia tu watu wengi wanakuja wanaitana, ndipo akajua kwamba atatoka. Amesema bila kusikia watu hatii mguu chini.

Simu yako haipatikani, ndiyo maana Bernadina anakuletea karatasi hii mbio, na mimi nimeshatangulia na jembe. Yote niliyoandika hapo juu yafute. Waite watu, wote, wa juu na wa chini, waje na majembe na kamba, asibaki mtu nyumbani. Na tafadhali Mama Efrazia asingoje kufika. Aanze kuimba akiwa bado huko juu kwake, kwa nguvu zake zote, wimbo wowote, ili dada yangu asikie.